Mtani Aliyelala Kaburini

Usiku wa kuamkia leo, baada ya kuvijaribu viatu vyangu vyekundu kwa mara ya mwisho na kuvirudisha kwenye boksi chini ya kitanda, nililala nikaota nimeitwa kuvaa uhusika.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa nikiwa macho, maana ndoto haikuyasahau. Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusaini mkataba wa tamthilia. Nafasi ya mhusika mkuu, nafasi niliyoililia tangu nikiigiza harusi za wanasesere nyuma ya jiko. Kampuni ilikuwa na masharti yake. Nitaitwa Tiana. Nitazungumza kama mtu aliyekulia mahali pasipojulikana. Nikiulizwa kwetu ni wapi, nitacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Mama alitaka kuja kutoka Kilolo anishuhudie, alikuwa ameshasuka hadi nywele, nikamwambia asije kwanza. Akasema, "Haya, mama." Mama ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Twilumba.

Na yupo Mama Mbano, mpangaji mwenzangu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Kila asubuhi alikuwa akinipokea uani kwa kuniuliza mbwa wa mwenye nyumba yuko wapi, na kama nimembakishia yeye mguu, maana Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Hivi karibuni alinitania hivyo mbele ya watu wa kampuni waliokuja kuniona. Nikamwambia kwa sauti ya Tiana, "Samahani, mimi si mtani wako." Hakukasirika. Tangu siku hiyo ananiita dada na kuniuliza habari za asubuhi, na mimi nikirudi ndani najiona nimefiwa na mtu ambaye sijaambiwa ni nani.

Sasa ndoto.

Nipo kwenye ofisi ya usaili. Ni ileile ninayoijua, ila madirisha yake yanatazama ndani. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Kiti kinaniuliza natoka wapi.

"Kilolo, Iringa," nasema.

"Nilihisi," kiti kinasema. "Umekaa kwa adabu mno. Wanaotoka pasipojulikana hawakai hivi."

Nikajinyanyua kidogo ili nisikae kwa adabu. Kiti kikashukuru.

Mwongozaji akaingia. Alikuwa koti. Namaanisha koti lenyewe, la kijivu, na hedifoni zimeelea mahali ambapo kichwa kingekuwa. Ndani hapakuwa na mtu, lakini lilikuwa na haraka, na sote tuliokuwepo tulisimama kwa heshima.

"Wewe ndiye wa Tiana?" koti likauliza.

"Ndiyo, mwongozaji."

"Njoo uvae uhusika."

Maneno hayo nimeyasikia kwa kila aliyewahi kunifundisha kuigiza. Vaa uhusika, vaa uhusika. Siku zote nilidhani ni namna tu ya kusema. Kumbe uhusika unatundikwa kwenye henga. Ulikuwa umening'inia pamoja na wenzake ukutani, mwanamke mzima aliyefumba macho, mwenye ngozi laini isiyo na kovu hata la kuanguka utotoni, na zipu mgongoni. Miguuni alikuwa amevaa viatu vyangu vyekundu.

"Viatu hivyo ni vyangu," nikasema.

"Ndivyo vitu pekee vyako alivyovipenda," koti likajibu.

Nikaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Tiana akanibana kiunoni, akanibana kifuani. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma.

Uhusika ukafumbua jicho moja. "Huyu amejaa," ukasema. Sauti yake ilikuwa nzuri sana, na haikuwa na kwao. "Ana vitu humu ndani. Atoe kwanza."

Koti likaleta kopo tupu la mafuta ya kupikia, lile ambalo kwetu mafuta yakiisha linakuwa la chumvi. Likaniwekea mapajani na kuniambia nitoe nitakachoweza.

Lafudhi ilitoka kwanza. Nilikohoa tu. Ilikuwa na ukubwa wa kiazi mviringo na bado ilikuwa na udongo. Koti likaipangusa kwa mkono wake mtupu, likaitia koponi.

"Kuna maamkizi pia," uhusika ukasema. "Yananichoma."

Nikayatoa. Kamwene ilitoka kwa taabu, kwa sababu ndilo neno la kwanza nililofundishwa kuwaambia watu, nalo lilikuwa limekaa chini kabisa. Lilipotoka likageuka kunitazama, likabaki pale kiganjani likisubiri niliitikie. Sikuliitikia. Nililiona linazidi kuwa dogo. Koti likalichukua na kulitia koponi pamoja na lafudhi.

"Bado jina," likasema.

Jina halikutoka kwa kukohoa. Lilibidi livutwe, kuanzia nyuma ya ulimi, na lilikuwa refu mithili ya uzi wa sweta linalofumuliwa. Nikavuta, nikavuta, nikafika mahali likakaza. Nikajua kwamba ncha ya pili imeshikwa na mtu. Hakuwa mtu mwenye nguvu. Alikuwa ameketi tu mahali, ameshika, na hataki kuachia. Bibi Twilumba alifariki mimi sijaanza shule, lakini mkono wake naujua.

"Kuna mtu ameshika," nikasema.

"Vuta," koti likasema. "Watu wazima huwa wanaachia."

Nikavuta. Likakatika. Mahali fulani, kama vile nyuma ya kuta mbili tatu, mtu akasema "Ee" kwa sauti ndogo, ile ya mtu aliyeangusha sindano. Koti likaviringa uzi wote, likautia koponi, likafunika na kupigapiga kifuniko kwa kiganja ambacho hakikuwepo.

Zipu ikapanda mpaka shingoni bila taabu. Niliona raha, siwezi kudanganya. Nilikuwa mrefu, sikuwa na njaa wala baridi, na kila mtu mle ofisini alinigeukia. Kiti cha plastiki kikapiga makofi, sijui kwa mikono gani.

"Tunaanza kupiga picha," koti likasema. "Ni msiba. Wewe ni mgeni mashuhuri, umekuja kulia."

"Nani amekufa?"

"Mwigizaji mzuri haulizi. Analia."

Likafungua mlango wa choo, tukatokea Kilolo.

Ni asubuhi ya ukungu. Mikaratusi inachuruzika maji, na udongo mwekundu umelowa. Naiona baridi lakini siisikii. Ile pale nyumba yetu, lile pale jiko la nje na moshi wake. Wanawake wamekaa kwenye mikeka. Kamera imekuja nasi, inatembea yenyewe kwa miguu yake mitatu, ikiinyanyua mmoja mmoja mithili ya kuku anayevuka tope.

"Sharti ni moja," kamera ikaniambia. "Usinitazame."

"Najua."

"Wote husema wanajua."

Sikuitazama. Kwa kuwa sikuitazama, ikasogea. Nikaanza kuhisi pumzi yake shavuni, ya uvuguvugu, ikinuka waya ulioungua. Nilipogeuza kichwa ilihamia upande ambao sikuutazama. Nikaelewa kwamba kuanzia sasa itakuwa upande huo siku zote, hata nikiwa nimelala.

Mama yupo. Amekaa mwanzoni mwa mkeka, nywele zimesukwa, zilezile alizosuka kwa ajili ya safari. Ananiona. Moyo wangu unapiga hodi ndani ya Tiana. Mama ananyanyuka haraka, anajifuta mikono kwenye kanga, anakuja mpaka mbele yangu, anapiga goti kidogo.

"Shikamoo, madam," ananiambia.

Sijawahi kuogopa kitu maishani mwangu kama nilivyoliogopa neno hilo. Mama yangu mzazi ananiamkia. Nataka kumwambia mama, ni mimi, inuka, usinipigie goti. Kinachotoka ni ile sauti nzuri isiyo na kwao.

"Marahaba," inasema.

Mama akaniletea kiti. Mwenyewe akarudi kukaa chini.

"Pole na safari," akasema. "Hatukujua kama marehemu alikuwa na marafiki wakubwa hivi."

"Marehemu ni nani?"

"Mwanangu. Alikuwa mwigizaji huko Dar es Salaam."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Aliondoka kidogo kidogo. Alianza kwa kuongea na simu haraka haraka. Halafu akaacha kuniamkia kwa kikwetu. Nikasema nije nimwone, akaniambia nisije kwanza." Akainyoosha kanga yake magotini. "Nilikuwa nimeshasuka."

Nikatafuta jeneza kwa macho. Halikuwepo. Katikati ya mkeka palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililovikwa sanda nyeupe, limelazwa kwa uangalifu, na mtu alikuwa ameliwekea mto.

"Lia," koti likanong'ona kutoka nyuma ya mkaratusi.

Nikajitahidi. Tiana hakuwa na machozi yake mwenyewe. Chupa ya dawa ya macho ikaja ikinyata juu ya mkeka, ikanipanda begani, ikanidondoshea. "Usione haya," ikaniambia. "Wakubwa wote wananitumia." Machozi yakateremka. Mama akayaona, akanipangusa kwa ncha ya kanga yake, akaniambia nisilie sana, mimi ni mgeni, nitaumwa kichwa bure.

Wanawake walikuwa wakiimba wimbo wa msiba. Kila walipofika mahali pa jina la marehemu walinyamaza. Hawakuwa wamelisahau, hawakuwa nalo tu. Waliacha pengo lenye urefu wa jina, wote kwa pamoja, vinywa wazi, kisha wakaendelea na maneno yaliyofuata. Hakuna aliyekosea hata mara moja. Na katika kila pengo nilisikia kifuniko cha kopo kikigongwa kutoka ndani.

"Umesikia?" nikamwuliza mama.

"Kitu gani, madam?"

"Hapana, hamna."

Ukafika wakati wa kuzika. Baba mdogo Kastori alilibeba kopo kwapani, na sisi tukamfuata nyuma ya nyumba, kamera ikitembea ubavuni mwangu. Tulipofika tukakuta haiwezekani kuzika. Kaburi lilikuwa na mtu.

Alikuwa Mama Mbano. Amelala chali chini kabisa, mkono mmoja chini ya kichwa, kanga imefunika miguu, anatafuna karanga.

"Toka basi, Mngoni," baba mdogo akamwambia. "Mvua hiyo inakuja."

"Sitoki. Wahehe nyumba hamjui kujenga, lakini kwa kaburi nawavulia kofia. Nimepata kitanda."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Hata mama alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtani akilala kaburini hakuna kuzika mpaka aridhike. Atamsema maiti anavyotaka, atawasema wafiwa, nao watacheka na machozi yakiwa bado yanawatoka. Mtu asiye na mtani anafukiwa tu.

"Na huyu maiti wenu," Mama Mbano akaendelea, "mbona mwepesi hivyo? Kilolo mbwa wamekwisha?"

Ndani ya kopo kitu kikacheka, kicheko kidogo cha kujizuia. Nilikisikia peke yangu kwa sababu kilikuwa changu.

Wakamletea Mama Mbano kuku ili atoke. Akamtazama kuku, kuku akamtazama yeye.

"Mimi mambo haya hayanihusu," kuku akasema, akaruka, akaenda zake.

"Wala simtaki," Mama Mbano akasema. "Kuna neno hapa. Marehemu alinikana. Aliniambia mbele ya wageni kwamba yeye si mtani wangu. Kama ni kweli, basi nimekosea msiba, natoka sasa hivi mmzike kimya kimya. Kama si kweli, aje mtu wa damu yake aniambie."

"Wa damu yake ni mimi," mama akasema. "Ila aliyokuambia siyajui."

"Siyo wewe. Huyo."

Akanyoosha kidole chenye ganda la karanga. Kilinielekea mimi.

Watu wote wakageuka. Mama akanitazama kwa makini, kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye nywele, kwa macho yale anayochambulia mchele. Alitafuta kwa muda mrefu. Halafu akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwache mgeni wa watu, Mama Mbano," akasema.

"Usiharibu picha," koti linaninong'oneza. "Picha hii ndiyo itakayokutoa. Kataa tu, basi."

Nilitaka kuwa Tiana. Hilo nalisema wazi. Nilifikiria uso wangu kwenye mabango ya barabarani, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Nilifikiria miaka yote niliyoigiza dada wa kazi anayeingia na sinia, anasema "Karibuni chakula", anatoka, na jina lake halitajwi. Nikafungua kinywa.

"Samahani," sauti nzuri ikasema. "Mimi si mtani wako."

Mama Mbano akaacha kutafuna. Akaketi mle kaburini, akakung'uta maganda kwenye kanga yake, na ghafla alionekana mzee.

"Haya, dada," akasema, kwa upole uleule wa uani kwetu. "Nimekosea msiba."

Akasogea pembeni ili kopo literemshwe, akaanza kupanda kwa taabu, mikono imeshika ukingo. Hakuna aliyecheka tena. Mama akainama, akachota udongo kwa kiganja, akautupia kopo.

Uliniangukia mimi. Niliuhisi kifuani, chini ya Tiana, mzito na wa baridi, na hiyo ndiyo baridi ya kwanza niliyoisikia tangu tufike. Baba mdogo akatupa wake, ukanifika shingoni. Wakafuata wengine. Nimesimama wima katikati ya watu, na viatu vyekundu miguuni, na ninafukiwa. Nikapeleka mkono mgongoni kutafuta zipu. Zipu ya uhusika haifikiwi na mkono wa mwenyewe. Imeshonwa hivyo makusudi.

"Vizuri sana," kamera ikapumua shavuni pangu. "Baki hivyohivyo."

Wanawake wakaimba, wakafika kwenye pengo, wakanyamaza, vinywa wazi. Safari hii pengo halikuisha. Nikasikiliza. Ndani ya kopo hakuna aliyegonga.

Nikavua kiatu cha kushoto nikamrushia Mama Mbano.

Sikuwa nimepanga. Kilimpata begani, mguu wake mmoja ukiwa umeshatoka nje ya kaburi. Watu wakashika vinywa vyao. Mgeni hamrushii mtu kiatu msibani. Mgeni hathubutu hata kumwambia mtu asogee kidogo. Na kutoka chini ya udongo, ndani ya kopo, ikatoka sauti yangu mimi, na lafudhi yake yote:

"Rudi ulale, Mngoni! Nani kakwambia utoke? Babu yako aliikimbia Iringa, na wewe unakimbia kaburi?"

Mama Mbano akakitazama kiatu. Akanitazama mimi. Uso wake wote ukafunguka.

"Si ndiyo huyo," akasema. "Nani mwingine angenitukana msibani?"

Akarudi chini, akalala chali, akakiweka kiatu kifuani.

Mama alikuwa bado ameshika udongo. Ukamponyoka wote. Akanijia, akanizunguka, na nikasikia vidole vyake shingoni pangu vikitafuta mahali zipu inapoanzia. Akaipata. Akaanza kuiteremsha polepole, namna ileile alivyokuwa akinivua gauni la kanisani.

"Ma—" akaanza kusema.

"Kata," koti likasema.

Ikakatwa. Kilima chote kikakatwa pale aliposimama mama, na ng'ambo ya hapo hapakuwa na kitu, hata ukungu. Mikeka ikakatwa. Wimbo ukakatwa. Neno la mama lilikatwa katikati, na nusu yake ikabaki ikielea karibu na sikio langu. Koti lenyewe likaanguka chini likawa koti. Kilichosalia ni kaburi na Mama Mbano ndani yake.

"Nipe kiatu changu," nikamwambia.

"Kiatu cha nani?"

Nikataka kumtajia. Kinywani hapakuwa na jina.

"Unaona," akasema. Akageukia ubavu, akavuta kanga mpaka mabegani. "Kiatu hiki nampa mama wa marehemu, mkononi, akija mwenyewe. Sasa niache nilale. Na pagumu kweli hapa."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Barabarani gari lilikuwa linapiga honi, nikajua ni gari la kampuni. Nikalivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Kiatu cha kulia kilikuwemo, kimelala kwenye karatasi yake. Cha kushoto hakikuwemo. Nikatazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata ndani ya ndoo ya maji. Nikajiambia nimekiweka mahali, mtu akiwa na furaha huweka vitu ovyo. Nikatoka uani peku, kiatu kimoja mkononi.

Uani kwetu Tegeta, Dar es Salaam, ni mchanga mtupu, mweupe. Mama Mbano alikuwa anafagia, amenipa mgongo, mkono mmoja kiunoni.

"Habari za asubuhi, dada," akasema bila kugeuka.

"Nzuri. Mgongo unauma?"

"Sijui nimelalia nini. Nimeamka nimekakamaa." Akaendelea kufagia. "Pagumu kweli."

Kisogoni, kati ya mistari ya nywele zake, alikuwa na udongo mwekundu. Ulikuwa mbichi.

Dereva wa kampuni akachungulia getini. "Dada Tiana? Wanakusubiri wewe tu."

Nilikuwa nakitazama kile kisogo. Niliogopa, na nilichokiogopa zaidi ni kwamba nitafungua kinywa na ile sauti nzuri ndiyo itakayotoka.

"Wewe Mngoni," nikasema. Ilitoka ya kwangu, imekwaruza. "Unalala kwenye makaburi ya watu, halafu unatuletea udongo uani?"

Ufagio ukasimama.

"Nirudishie kiatu changu," nikasema.

"Kiatu cha nani?"

Dereva alikuwa anasikiliza. Nikamwona anatutazama kwa zamu, mimi na Mama Mbano.

"Cha Twilumba," nikasema.

"Twilumba yupi? Yule Mhehe aliyemmaliza mbwa wa mwenye nyumba?"

"Huyohuyo."

Mama Mbano hakugeuka. Mabega yalikuwa yanamcheza, na sikuweza kujua kama anacheka au analia. "Kiatu hicho nampa mama yake," akasema, "mkononi, akija mwenyewe." Akaanza tena kufagia, kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Sasa mimi nikawaambie nini kule?" dereva akauliza.

"Kawaambie Twilumba anampigia mama yake simu ili aje. Wakimtaka, watusubiri wote wawili. Wasipomtaka, wamtafute Tiana, mimi sijui anakaa wapi."

Akaondoka akitikisa kichwa. Nikakaa kwenye kizingiti, nikapiga. Simu iliita kwa muda. Nilishikilia kiatu kwa mkono wa pili na kuomba Mungu nisisikie shikamoo.

"Mama?" mama akasema upande wa pili, neno zima, mpaka mwisho wake. "Mbona asubuhi hivi? Kamwene."

Nikafungua kinywa na kwa muda kidogo hapakuwa na kitu. Halafu likaja.

"Kamwene," nikamwitikia.

Lilitoka zima, halijapungua kitu. Ila lilikuwa na ladha ya mafuta ya kupikia, na mpaka sasa ladha hiyo bado ipo ulimini.